Hapana Nilizomjazia Baba

Jumatatu, 2 Juni

Sijamwambia mtu yeyote hili. Maswali ya baba najibu mimi. Hospitali inamtumia tisa kwenye simu kila Jumatatu, halafu Jumatano mshauri anapiga video. Leo baba kanikuta napukuchua mahindi, akanipa simu. "Weka hapana zote, Paulina." Unaota vita? Hapana. Unashindwa kulala? Hapana. La tisa linauliza kama unatamani kufa. Hapana. Wiki ya tano hii. Mimi ni mwongo.

Jumatano, 4 Juni

Video. Tulipanda hadi zizini, ndiko mtandao wa video unashika. Baridi. Mshauri ni dada mdogo tu, yuko Dodoma. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Wakaongea maharage na mguu wa ng'ombe, basi. Akamsifu kwa majibu mazuri. Nikatazama chini.

Tukishuka nikamuuliza kwa nini hasemi ukweli. Akacheka. "Mtoto ananiamkia shikamoo, halafu nimlilie? Tena kwenye kioo? Angekuja hapa nimchinjie kuku, nimwone ni mtu gani." Jeshini, anasema, ukikiri kichwa kinasumbua unanyang'anywa bunduki. Amestaafu. Bunduki hana. Bado anaogopa.

Jumamosi, 7 Juni

Hajala tangu jana. Ndoto za vita zilirudi mwaka ule matope ya mlima yalipofukia nyumba kule Jorodom, akaenda kufukua watu. Leo kanipa vyeti vyake vya jeshi nimtunzie. Akanionyesha ng'ombe yupi ni wa mama, yupi wangu. Mpole kabisa. Upole huo unanitisha. Mama yuko Gehandu, anauguza bibi. Tupo wawili tu.

Jumatatu, 9 Juni

Maswali yamekuja na ujumbe: majibu yakiwa mazuri tena, simu za Jumatano zinaisha. Baba kafurahi. "Weka hapana, tumalizane nao."

Nikajificha nyuma ya jiko. La tisa nikaweka ndiyo. Chini nikaandika: mimi ni binti yake, yale ya nyuma nilijaza mimi, ameanza kugawa ng'ombe. Nikatuma. Nimemsaliti baba.

Jumanne, 10 Juni

Jana mshauri hakusubiri Jumatano. Alipiga palepale. Kwanza akampigia mama arudi, kisha baba. Nilikuwa mlango wa zizi. Baba alimuuliza nani kasema. Akajibiwa ni mimi. Akaanza kuongea Kiiraqw, lugha ya kwetu. Alitaja wenzake waliokufa, mmoja mmoja, na namna walivyokufa. Dada wa Dodoma hajui hata neno moja la Kiiraqw. Hakukata simu. Alimwacha aongee mpaka akachoka.

Mama kafika asubuhi. Muuguzi wa zahanati kaja, kakaa na baba, atarudi jioni. Baba kanywa uji. Mimi hajanisemesha tangu jana.

Nasikia viatu vyake uani. Anakuja huku. Daftari hili huwa nalisukuma chini ya godoro. Nimeliacha wazi mapajani.