Chuma Tulichokifanya Kengele

Mjukuu wangu Kerubo,

Sisi huku Ikonge tuko salama, chai tunachuma, na mguu wa mama yako umepoa kidogo. Ni wewe tu unayeninyima usingizi. Umeniuliza mbona naogopa hata mabomu ya ndege ya mazoezi, hayo ya buluu unayopanga kwenye stoo ya jeshi.

Nilipokuwa msichana, kanisa letu halikuwa na kengele. Kaka yangu Mokua akanunua chuma cha buluu chenye mapezi kwa wauza vyuma chakavu. Askari mmoja aliyekuwa likizo akakitazama, akamwambia mama yetu, "Hii ni bomu ya mazoezi, mama. Haina kitu."

Tukakitundika. Mokua akasema, "Sabato hii hata walevi wataamka!" Akakigonga na nyundo.

Ndani kulikuwa na baruti kidogo tu, ya kutoa moshi. Hiyo kidogo ilimtosha Mokua. Mengine siandiki.

Yule askari hakukusudia kutudanganya, mwanangu. Aliangalia ile rangi ya mazoezi tu, basi. Wewe ukiambiwa bomu ni tupu na hujahakikisha, usiliguse. Simama mbali, uite mkubwa wako. Watakucheka. Nikisikia wamekucheka, nitajua uko hai.

Nyanya yako