Mtungi wa Chalbi

Mpendwa Leshan,

Mitungi imefika. Jumamosi asubuhi dada yako Naserian alishuka kwenye lori ya nyanya iliyotoka Illasit, na yeye na dereva wakaiteremsha yote minane, wakaipanga kando ya ukuta wetu hapa Kitengela, maandishi yakitazama nje. Nilimkaribisha chai. Akasema lori inakimbilia soko na haingojei mtu.

"Leshan alisema nikuletee zote," akaniambia, "na nisikae sana."

Hakusema kama unanisalimia. Niliuchunguza uso wake nijue kama amesahau au amekatazwa, nisione kitu. Alinipa mkono, akapanda lori, akaenda.

Mama alitoka jikoni akiwa na unga mikononi. "Hizi si mitungi za ile safari yenu?"

"Ndizo."

"Amerudisha hivyo tu? Tupu?"

Kwetu Ukambani chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, na wewe uliwahi kuniambia hata kwenu ni hivyo. Ukiazima sufuria ya jirani, unairudisha na chochote ndani, hata kama ni viazi viwili. Chombo kitupu anarudishiwa mtu ambaye hutaki tena mguu wake mlangoni kwako. Mama aliitazama ile mitungi, akajifuta unga kwenye leso.

"Basi imeisha," akasema, bila ubaya, akarudi kwa chapati zake.

Siku tatu sikuigusa.

Nakuandikia hapa mtandaoni, mahali ambapo yeyote anaweza kusoma, kwa sababu hupokei simu zangu tangu siku ile nyumbani kwenu. Lakini hata ungepokea, bado ningeandika wazi. Kosa langu nililifanya mbele ya baba yako, dada yako na majirani. Kosa la mbele ya watu haliendi kuombewa msamaha kwa kunong'ona.

Ramani bado iko ukutani chumbani kwangu. Unakumbuka tulivyoiunganisha, karatasi nne kubwa nilizochora mwenyewe baada ya kazi kule ofisini Kajiado, ambako mchana kutwa nachora mashamba ya watu yakikatwa vipande vya kujenga. Ulikuja kutoka gereji ukiwa na grisi hadi kwenye kiwiko, na Mama akakukataza kugusa ukuta, kwa hiyo ulikaa kwenye kiti katikati ya chumba ukinielekeza kwa kidole. Chini kabisa, karibu na kitanda, kulikuwa na Namanga na Amboseli. Juu, karibu na dari, kulikuwa na Sibiloi na Ziwa Turkana. Katikati yake tuliweka Samburu, Marsabit na jangwa la Chalbi. Siku kumi na nne, sisi wawili, na ile pikapu kuukuu ya mjomba wako ambayo uliifungua injini mara tatu.

"Lakini kwa nini jangwa?" uliniuliza. "Watu wakipata likizo wanaenda Mombasa."

Nilikujibu kwamba jangwa ni mahali ambapo ardhi imeacha kujitetea. Nilikuwa nimelifikiria jibu hilo kwa siku kadhaa, na nililipenda.

Ulicheka. "Ardhi ikiacha kujitetea, Mwende, ng'ombe wanakufa."

Sentensi yangu niliiandika kwenye daftari. Yako sikuiandika.

Nimekaa sana na jambo hilo moja. Mimi nilisoma, nikafundishwa kusikiliza na kuandika kilicho muhimu. Miezi yote ile tuliyopanga safari, kila nilipovuta mstari mwekundu wa barabara, wewe uliufuata na biro ya buluu ukiuliza swali lile lile: "Hapa maji iko wapi?" Nilikuambia Laisamis ni kilomita kadhaa kutoka Isiolo, ukauliza maji iko wapi. Nilikuonyesha picha ya Chalbi, nyeupe kama chumvi, haina mti wala jiwe, nikakuambia tazama jinsi ilivyo tulivu. Ulitazama picha kwa adabu. Kisha ukauliza. Nilidhani ni uangalifu wa fundi anayejua radieta. Sikujua kwamba ulikuwa unasoma ramani kwa namna nyingine kabisa, na kwamba ya kwako ndiyo iliyokuwa ya kweli.

Mitungi ilitoka kwenye swali hilo. Minane, ya lita ishirini, kila mmoja na kituo chake. Niliandika majina mwenyewe kwa ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu kutoka gereji, na wewe ukaweka sheria: mtungi haufunguliwi kabla ya kufika mahali pake. "Na hii," ukaugonga ule wa saba, "hata mkifa kiu. Ya Chalbi haifunguliwi kabla ya Chalbi."

"Mkifa? Wewe utakuwa wapi?"

"Mimi ni Mmasai. Mimi nitakunywa hewa."

Tulifanya jaribio moja, unakumbuka. Tuliondoka Kitengela asubuhi, tukapita Kajiado na Bissil, na kutoka Namanga tukaingia hadi kwenye ziwa kavu la Amboseli. Vumbi lilituandama kama mkia. Ulisimamisha pikapu katikati ya ule uwanda, na mbele yetu nikaona maji. Niliyaona kabisa, yanameta, hata na kivuli cha pundamilia ndani yake. Nilishuka nikaanza kuyaendea huku nikikuita uje. Ulikaa juu ya boneti ukaniacha nitembee. Nilitembea hadi nikachoka, na maji yakawa yanarudi nyuma hatua moja kwa kila hatua yangu.

Niliporudi ulinipa kikombe kutoka mtungi wa Amboseli. "Ng'ombe hawezi kudanganywa hivyo," ukasema. "Yeye hatazami. Ananusa."

Nilikunywa nikicheka, midomo imejaa vumbi. Hakuna siku niliyowahi kuwa na furaha kama ile. Wakati mwingine, nikiwa nimeinama juu ya meza ofisini, huwa naisikia harufu ya plastiki ya kile kikombe, na kalamu inasimama.

Kisha mvua ya masika ikakosa kunyesha. Tukasema, basi tutaenda baada ya vuli. Vuli nayo ikakosa. Ulienda nyumbani na pikapu kwa wiki moja kumsaidia baba yako, mitungi ikiwa tayari imefungwa nyuma. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukazaa mwingine. Ulikuwa unapanda kile kilima ambako simu inashika, unaniambia habari. Hukuwahi kusema idadi ya ng'ombe walioanguka. Ulisema, "Narok amelala chini leo." Ulisema, "Nanyokie ameenda." Mweusi, mwekundu, kila mmoja na jina lake, kama mtu anayetoa habari za jamaa walio hospitali. Nilisema pole. Nilisema pole kila mara, halafu nikauliza kama nijaze fomu ya likizo ya mwezi huu au ujao.

Nilijaza. Ikakubaliwa. Nikaja kukuchukua.

Sijawahi kumwambia mtu yeyote yaliyotokea siku ile kama yalivyokuwa. Hata Mama nilimwambia tu kwamba tulikosana. Nilifika kwenu na begi mgongoni na daftari mkononi, ratiba yote imechorwa upya, tarehe mpya kando ya kila kituo. Mama yako alinipokea kwanza. Alinishika kichwa, akaniketisha kivulini, akanipa chai ya rangi kwenye kikombe kizuri cha wageni, na akaniomba msamaha. "Maziwa hakuna, mtoto wangu," akasema, huku ameangalia chini. Mwanamke huyo alikuwa ameona aibu mbele yangu kwa kukosa maziwa. Nami nilisema haidhuru, nikanywa, nikauliza uko wapi.

Ulikuwa nyuma ya boma pamoja na baba yako na majirani wanne, mnamwinua ng'ombe. Wawili wameshika mkia, mmoja pembe, wengine wamepitisha mti chini ya tumbo. Mlimwinua, akasimama, akatetemeka, akaanguka. Mkamwinua tena. Na kando, ndama mmoja mwenye madoa alikuwa anakunywa kutoka karai, na Naserian anamwagia kutoka mtungi wenye maandishi yangu mekundu.

"Hiyo ni ya Chalbi," nikasema. Ndivyo nilivyokusalimia, Leshan, baada ya miezi yote ile.

Uligeuka. Ulikuwa umekonda. "Hapa ni Chalbi, Mwende."

Ningenyamaza hapo. Ningeweka begi chini nishike mkia na mimi. Badala yake nilifungua daftari, na mbele ya watu wote hao nikauliza, "Kwani wamebaki wangapi?"

Nilijua kwamba kwenu ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo, kwamba ni kuita mkosi. Uliniambia mwenyewe mapema kabisa, nilipokuuliza mna wangapi ukacheka, ukasema mchungaji hahesabu, anatazama tu na kujua nani hayupo. Kwa hiyo siwezi kujificha nyuma ya ugeni. Na kuna kibaya zaidi, ambacho ndicho kimenifanya niandike. Sikuuliza kwa huruma. Kichwani nilikuwa napiga hesabu ya siku: kama wamebaki wachache, basi haitachukua muda, utakuwa huru, twende. Nilikuwa nangoja waishe. Nilisimama kwenye boma la watu waliokuwa wananiomba radhi kwa kukosa maziwa, nikingoja ng'ombe wao waishe ili nikaone ukame mahali pengine, ulio mzuri zaidi, wenye geti la hifadhi na walinzi.

Baba yako aliachilia ule mti polepole, akasema kwa Kiswahili ili nisikose kuelewa: "Huyu anatuhesabu."

Nawe ulisema tu, "Rudi nyumbani, Mwende." Ulisema kwa upole. Ungenifokea ningepata cha kushika.

Sasa mvua imenyesha. Hata hapa Kitengela, vumbi jeupe la machimbo ya mawe limetulia, na bodaboda zinakwama kwenye matope. Nimefikiria nyasi za kwenu kila siku. Nimefikiria yule ndama mwenye madoa, kama alifika kwenye mvua. Nakukumbuka katika mambo madogo yasiyo na maana: ulivyokuwa unaisikiliza injini na jicho moja limefungwa, ulivyomwamkia Mama kwa Kikamba kibovu na yeye akakujibu kwa Kimasai kibovu zaidi, mkaelewana. Ramani sikuitoa ukutani. Mara nyingi nafuata kwa kidole ile mistari ya biro ya buluu, yako, na ile yangu myekundu siitazami.

Jumanne Mama alitaka kufagia pale ukutani. Nilikuwa ndani. Nilimsikia akiisukuma mitungi kwa mguu, inaanguka na mlio ule wa plastiki tupu, mmoja, mwingine. Kisha akaniita.

"Mwende, njoo hapa. Hii imekataa kuenda."

Mitungi saba ilikuwa imelala chini. Wa Chalbi ulikuwa umesimama.

Nilipiga magoti nikaufungua. Ulikuwa umejaa hadi shingoni. Mama alikinga kidogo kwenye kifuniko, akaonja, akafumba macho. "Ni ya mvua hii. Imetoka kwa mabati." Mimi nilinusa tu. Kulikuwa na harufu ya mabati, kweli, na moshi wa jikoni kwa mama yako.

Nilikaa pale chini. Mama hakuniinua. Alisema, "Nilisema imeisha. Nilisema haraka." Halafu akasema, "Lakini sasa ni zamu yako."

Sijui umeniambia nini. Huenda umesema: nilikuchukulia maji yako, haya hapa, nenda jangwani kwako na tusidaiane lolote. Huenda umesema neno lingine. Nimejizuia kulipigia hesabu. Nimeufunga ule mtungi kwa sababu wa Chalbi haufunguliwi kabla ya Chalbi, na Mama ameonja kifuniko kimoja tu, umsamehe.

Ninapoandika haya yuko nje, amekunja gazeti kama faneli, anamimina mbaazi za kwetu kwenye mtungi wa Amboseli. Mbaazi zinagonga chini ya plastiki kama matone ya kwanza. Ijumaa, ile lori ya nyanya inarudi Illasit, na dereva amekubali kunibeba. Nitakuja bila daftari. Nitamwamkia baba yako kwanza, nimwambie haya haya niliyoandika hapa, kwa mdomo wangu, majirani wakiwepo. Kisha, akiniruhusu, nitasimama kwenye lango la boma jioni ng'ombe wanapoingia, na nitakuomba uniambie majina. Ya walioingia, na ya wale ambao hawaingii tena.

Usiponitaka, mpokelee mama yako mbaazi na unipe mtungi mkononi. Ukiwa mtupu nitaelewa, na nitarudi na lori hiyo hiyo.

Mwenzako wa safari,
Mwende