Usimpe Mtu wa Vyuma Cherehani ya Mama

Mkokoni

Mdogo wangu Zuhura,

Salamu ziingie kwanza, ziketi, ndipo maneno yafuate. Goti lako lasemaje? Na kifua cha mume wako? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Anayeniandikia ni mjukuu wangu Mwanaidi, tumbo lake lishagonga meza.

Nimesikia wataka kumpa mtu wa vyuma chakavu cherehani ya mkono ya mama, eti imekufa. Una wazimu? Haijafa, imeganda. Nakujua, uliitia mafuta ya nazi kama nywele. Idondoshee mafuta ya taa, iache juani, kisha zungusha mpini polepole.

Mwanangu Athmani aliniletea ya umeme, nimshonee Mwanaidi mfarishi wa mtoto kwa vipande vya leso za mama. Nikakanyaga kidogo tu, ikaondoka mbio. Mwanaidi akacheka, akasema, "Bibi, hiyo itakufikisha Faza." Mkono wangu wa kulia ukawa wazungusha hewa, watafuta mpini. Ile leso nyekundu ya mama imefuliwa hata imekuwa laini kama ngozi ya ndani ya yai. Ikapasuka katikati. Niliona nimempasua mama mwenyewe.

Tangu hapo nashona kwa sindano, lakini mato yanitoroka, tundu la sindano silioni vyema. Juzi baada ya adhuhuri nilisinzia juu ya vipande. Nikamwona mama sebuleni kwetu Mbwajumali, azungusha mpini, na kitambaa chatoka upande wa pili kama maji yakipwa, rangi yake sijapata kuiona nti hii. Na ile sauti, tiki, tiki, haina haraka na mtu. Nilikuwa na la kumuuliza, nikaona haya kumkatiza. Nilipoamka, kidole gumba changu kilikuwa ndani ya ule mpasuko.

Zuhura, tulipogawana leso zake kila doti tuliikata, wewe kipande, mimi kipande. Mwenziwe ile nyekundu yuko kwako. Najua wajifunika kipande hicho ukilala. Nakuomba unipe hivyo hivyo. Mtoto huyu hatamwona mama yetu, basi na alale juu yake.

Nisalimie shemeji, na wifi yangu wa karibu na msikiti, na yule jirani muuza mahamri, mwambie namwombea dua ingawa mahamri yake ni madogo.

Cherehani usiitume kwa mtu. Njoo nayo wewe. Nitazungusha mimi, kitambaa utashika wewe.

Dada yako,
Mwanamkuu