Matairi Niliyompa Fanueli

Tunduma, 9 Machi 1947

Kwako Leah,

Pokea salamu za mumeo Fanueli. Hajui kuandika, amenituma mimi dereva mwenzake, yule uliyemkataa kwa ajili yake. Huku mahindi yamestawi, mvua ni nzuri.

Mguu wake wameukata juu ya goti.

Tairi kipara halina shida kwenye mchanga wa hapa Tunduma. Lakini udongo mwekundu wa Ileje ukilowa, halishiki kitu, lori linakwenda kama sabuni. Matairi mapya yalipofika niliyagawa mimi, nikamwachia vipara. Akaniuliza, "Kaka, huko juu kukoje?" Nilikuwa nimetoka Itumba, huko huko Ileje, asubuhi ile kwenye mvua, na tope la lori nilikuwa nimeshaliosha lote. Nikamwambia, "Kukavu."

Aliteleza akija kwako, mteremko wa mwisho kabla ya Ibaba. Ukimwambia haya hatakuamini, maana ni mimi niliyembeba mgongoni hadi kwa daktari.

Yupo hapa ubavuni kwangu, anadhani bado naandika salamu. Alama ya dole gumba hapo chini ni yake. Amebonyeza mwenyewe, akanishukuru.

Watson