Kifungo Hakipunguzwi kwa Kreti za Bia

Jumamosi, Muhima. Mvua imekatika mchana, vumbi limelala, na mimi bado nimekasirika.

Asubuhi watu wa yule mwenye baa walikuja nyumbani kwa kaka yangu, kule Masaka. Mwenye baa huyo ndiye aliyemchukua binti wa kaka (hapa nitamwita Aline, si jina lake) akiahidi kumsomesha, kisha akamweka kuhudumia walevi. Aliondoka na miaka kumi na tatu, akarudi na kumi na tano. Madarasa mawili hayo, yamepotea. Hakuna wakili atakayenipigia hesabu nyingine.

Walileta kreti za bia kuomba msamaha, kama desturi yetu ilivyo. Anayekunywa amekubali. Wanataka tukaiambie mahakama inayosikiliza kesi yake kwamba familia zimepatana.

Kaka akashika chupa, akaifungua. Eti adabu.

"Dada, hawa ni majirani. Tutaishi nao hapa hapa."

"Ishi nao wewe. Na Aline je?"

Nilimnyang'anya chupa kabla haijafika mdomoni. Wazee waliokuwepo waliguna. Wagune tu, duka langu nililianza na meza moja barazani kwa watu, nimeshazoea kuguniwa.

Sheria imeweka kifungo cha chini kwa anayemtumikisha mtoto, na hakimu haruhusiwi kushuka chini ya hapo. Wakili wa mwenye baa anadai hilo linavunja katiba: hakimu amefungwa mikono, hawezi kumpima kila mtu na kosa lake. Wiki nzima nimelifikiria nikiwa dukani. Si hoja ya kijinga. Mpishi wa baa aliyeambiwa tu amfundishe Aline kazi, akipewa miaka sawa na bosi wake, hata mimi nitauliza.

Na mwenye baa ana haki ya kusikilizwa. Aseme yote.

Lakini leo nimeona mikono mingine ya kufungwa.

Yetu.

Pasipo kile kifungo cha chini, miaka ya mtoto huyu ingepunguziwa bei uani, na watu wazima wenye kiu.

Nilipokuwa natoka, Aline alinifuata mpaka kwenye moto, pikipiki ya abiria iliyokuwa ikinisubiri. "Shangazi, wakisema tumesamehe, na mimi nitakuwa nimesamehe?"

Nimemwambia hapana.

Jumatatu naingia naye mahakamani. Katiba waibishanie wanaoijua. Mimi nitaomba neno moja tu: kabla mtu yeyote hajasema familia imesamehe, aulizwe Aline mwenyewe.