Picha ya Shingo ya Mama

Huruma, 9 Machi 2025

Musyoka mwanangu,

Habari za Doha na joto lake? Huku tu wazima. Kwaya ya kina mama bado naanzisha nyimbo mimi, na watu wanageuka kuona sauti hiyo ni ya nani. Ploti yote, hadi wapangaji wa ghorofa ya juu, inajua unaendesha basi la uwanja wa ndege, asiyejua nimemwambia.

Kuna kauvimbe kadogo shingoni, nakafunika kwa leso. Daktari ati nipigwe ultrasaundi. Mimi, na mvi hizi, nipange foleni na wajawazito? Sitaki kuchekwa.

Mama yako

Doha, 11 Machi

Mama,

Umeamkaje? Dada Mbeti anasema hako kadogo ni kama yai, na chakula unameza kwa shida. Ultrasaundi si ya mimba tu. Huku wenzangu wamepimwa ini, figo, hata moyo. Haikati, haichomi. Tafadhali nenda.

Mwanao

Doha, 2 Aprili

Mama, mbona kimya? Mbeti naye hashiki simu. Niandikie hata neno moja.

Mwanao

Huruma, 5 Aprili

Musyoka wangu,

Pokea salamu, na upumue kwanza. Mbeti nilimkataza mimi kushika simu yako. Sikutaka ubebe abiria na mawazo kichwani.

Nilienda. Mama Saad wa dukani alinishauri ninywe maji nijae na nisikojoe, yeye alipokuwa mjamzito aliambiwa hivyo. Nikamaliza chupa mbili. Kwa foleni nimebana miguu, msichana mmoja akaniuliza, "Mathe, yako ni ya miezi mingapi?"

"Yangu iko Doha, inaendesha basi."

Ndani, nilipomweleza habari ya maji, binti wa mashine akacheka hadi akashika ukuta. "Mama, tunapiga shingo! Kimbia choo!"

Niliporudi akanipaka jeli baridi, akapitisha kifaa cha mashine shingoni. Akarudia pale pale mara tatu. Hapo niliogopa, mwanangu. Shangazi yako Kaluki, tuliyemzika, alianza hivi hivi.

Akanigeuzia skrini. "Hiki ni kifuko, kimejaa maji." Wiki iliyofuata daktari akayavuta kwa sindano, akiangalia njia ya sindano kwenye mashine ile ile, yakapelekwa kupimwa. Jana nikaitwa: si saratani. Watanipiga picha tena baadaye waone kama yamerudi.

Nilifika nyumbani nikakaa kwenye ngazi, nikalia kwa sauti yangu yote ya kwaya. Mama Saad akaja mbio. "Kuna msiba?"

Nikamwambia hakuna! Na apande hadi ghorofa ya juu awaambie wote waliosikia kwamba hakuna.

Mama yako