Zohali Niliyopachikwa

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Posa imesimamishwa! Kisa? Nyota. Mama yake Ridhiwani kaenda kwa mnajimu Ilala, kapigiwa hesabu ya jina langu na la mama yangu, ikatoka Zohali. Eti Zohali ni nzito, ina nuksi, itamfungia mwanawe duka la vitenge. Ridhiwani kanipigia simu: tuvute subira, mama ana presha. Presha! Na mimi je?

Jumanne, 16 Septemba

Nimefundisha sayari kwa hasira. Nikawaambia Kidato cha Kwanza: nani kasema Zohali nzito? Dude la gesi lile, haidrojeni na heliamu, huna hata pa kukanyaga. Linameza dunia zaidi ya mia saba, lakini ukipata beseni la kulitosha, linaelea majini! Pete zake ni barafu na mawe – vipande vingine punje ya mchanga, vingine nyumba nzima. Liko zaidi ya kilomita bilioni moja kutoka hapa. Linaijuaje njia ya kuja Kariakoo kufunga duka la mtu? Darasa likacheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 18 Septemba

Mama mdogo kauliza ni jina gani la mama lilipelekwa kwa mnajimu. Nikampigia Ridhiwani. Kajibu bila wasiwasi: "Si Mwanahawa?"

Mwanahawa ni mama mdogo! Aliyenilea. Mama yangu ni Sauda, yuko makaburi ya Kisutu tangu nina miaka sita. Nilishamwambia zamani. Nilimpeleka kaburini Idi iliyopita, akasimama pale, akaitikia amina. Miaka miwili tuko pamoja! Nimemkatia simu hapo hapo, sikumtajia jina. Zohali haina kosa lolote.

Jumamosi, 20 Septemba

Mama mdogo alimtumia mama yake Ridhiwani jina sahihi, hesabu ikarudiwa. Imetoka Mshtarii – nyota ya neema. Leo nafaa! Wako sebuleni tangu saa kumi: mama yake, shangazi zake wawili, sinia la haluwa, doti tatu za kanga. Wanacheka. Wanataka siku itajwe.

Mimi chumbani, nimejifungia. Ridhiwani kagonga taratibu. Kasema lilikuwa kosa dogo tu, limesharekebishwa, nitoke, watu wananisubiri.

Nikamwuliza hapo hapo mlangoni: haya, mama yangu anaitwa nani?



Nasikia hatua zake zinarudi sebuleni. Kaenda kuuliza!